Mhariri, huyo "kichaa" wenu ana ndugu zake

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi.

Mi ni mtangazaji, nina kipindi cha sayansi kwenye redio moja ndogo hapa Morogoro, mwaka wa tisa huu, kabla ya hapo nilikuwa nafundisha fizikia. Naandika manake juzi ukurasa wenu wa mbele mmeweka "Kichaa azua taharuki sokoni", hafu ukifungua ndani ukurasa wa afya mnatushauri tuzungumzie matatizo ya akili bila aibu. Sasa aibu si ndo mmeigawa kule mbele?

Kusema kweli mambo ya akili nilikuwa siyataki kabisa. Kipindini nilikuwa naongelea radi, kupatwa kwa jua, kwa nini maji juu ya Kilimanjaro yanachemka kabla hayajafika digrii 100, yaani vitu vinavyopimika. Saikolojia niliiona porojo za watu waliokimbia hesabu. Hafu mama akafariki. Miezi kama minne baadaye nikaanza kushtuka saa tisa usiku, moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa, mikono inatetemeka, nikaenda zahanati wakapima malaria, taifodi, presha, hamna kitu, nikarudi nyumbani na dawa za minyoo. Kweli kabisa, za minyoo.

Jioni moja niko hewani nasoma meseji za wasikilizaji, kuna mmoja kaandika, "Dada wa sayansi, mbona moyo unanienda mbio na nimekaa tu, au nimelogwa?" Nikakaa kimya. Redioni sekunde kumi za kimya ni nyingi sana, fundi mitambo akawa ananipungia mikono kule nyuma ya kioo, ndo nikaanza kueleza nilichokuwa nakikumbuka, kwamba juu ya figo kuna tezi mbili, ubongo ukihisi hatari zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaongeza kasi, damu inakwenda kwenye misuli ili umkimbie simba, ila siku hizi simba mwenyewe ni ada ya mtoto au mkopo wa kausha damu na huyo hakimbiliki, kwa hiyo mwili unabaki umewaka kama gari limepaki na injini inanguruma. Nilikuwa namjibu yeye ila najieleza mwenyewe, na nadhani sauti ilinisaliti. Meseji zilizoingia usiku ule hata 2016, lile jua lilipopatwa kule Rujewa, sikuzipata.

Basi ndo nikaanza kusoma, usiku si silali hata hivyo. Nikakutana na habari za daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake alijiua, nauli ya basi ya kumfuata hospitalini ilikuwa imemshinda, na mwaka 2006 akaanza na kina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wakafundishwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, watu wakalikwepa, mpaka wale bibi wenyewe wakasema jina libadilishwe, liitwe la urafiki. 2016 majibu ya utafiti yakatoka, wagonjwa 573: baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, wa benchi kama asilimia 14 tu. Nilirudia kuisoma ile namba, mwalimu wa fizikia mimi, kumbe porojo inapimika.

Na unajua Washona, watu wa huko huko Zimbabwe, wanaitaje hayo maradhi? Kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sasa sisi mtu akisema "nina mawazo" kuna anayeuliza maana yake? Neno tulikuwa nalo muda wote, mi niko bize natafuta tafsiri ya dipresheni.

Mwaka juzi nikajiunga na masomo ya jioni ya saikolojia. Baba mdogo akaniuliza, huko Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, unaenda kusoma au kulazwa? Tulicheka, ila nilikuwa nimepona kidogo ndo maana niliweza kucheka. Aliyenianzisha kupona ni shangazi, alikuja akakaa wiki tatu, mchana tunabangua karanga kwenye ungo, hanishauri, hanihubirii, anauliza tu "enhe, ikawaje?" Darasani nimekuja kukuta hiyo nayo ni mbinu ina jina lake na watu wanaitolea mitihani.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu si kubwa. Yule wa sokoni alikuwa anaumwa, andikeni anaumwa, na kama kuna hospitali inatoa huduma hiyo mjini kwake itajeni, mstari mmoja hauwamalizii karatasi. Gazeti lenu shangazi analisoma kila Jumamosi, anaanza na matangazo ya vifo hafu anarudi mbele. Ile ya kichaa aliisoma mpaka chini, akaligeuza nyuma kutafuta inakoendelea, haikuwepo, akavua miwani akaniuliza, "Sasa huyu kijana jioni ile alilala wapi?"

Mtangazaji, Morogoro