Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga, kamati ya ufundi ilielekeza sehemu kubwa ya mafunzo kwenye maandalizi ya sampuli za vyakula tunazopima elementi zake, nami sina budi kuwaeleza sababu, kwa kuwa baadhi yenu mlitaka fedha hizo zitumike kwa mafunzo ya mashine zenyewe. Plazma ya agoni, yaani gesi yenye chaji ambamo mashine huivunja sampuli kuwa atomi, yenye joto la nyuzi elfu kadhaa, haibagui chuma kilichotoka ndani ya jani na kilichotoka katika vumbi lililoshikamana nalo. Ndiyo maana katika warsha ya mchicha tulisisitiza majani yaoshwe yangali mabichi, yakaushwe, yasagwe kwa kinu cha jiwe la akiki badala ya cha pua (chuma kigumu), kisha elementi ya titani ipimwe pamoja na chuma. Titani imejaa katika udongo lakini mmea huifyonza kwa shida sana, hivyo ikijitokeza kwa wingi, sehemu ya chuma kilichoripotiwa ni udongo tu. (Anayekata sampuli kwa visu vya titani ili akwepe chuma amejinyima kipimo hicho.)

Arseniki, elementi yenye sumu, katika mchele ilituchukulia muda mrefu zaidi. Elementi hii ina isotopu (aina ya atomi kwa uzito) moja tu ya asili, ya masi 75, kwa hiyo spektrometa ya masi, mashine inayotambua elementi kwa uzito wa ioni zake, haina pengine pa kuisomea; nayo klorini ya sampuli, ikiungana na agoni ya plazma, huunda ioni (chembe yenye chaji) ya masi hiyo hiyo. Gesi ya heli katika chemba ya migongano, ambamo ioni hugongana na gesi hiyo kabla ya kusomwa, hupunguza sana usumbufu huo, lakini haimruhusu mtu kutumia ovyo tindikali ya hidrokloriki, ambayo ina klorini. Aidha, kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha miligramu 0.2 kwa kilo ya mchele uliong'arishwa kinahusu arseniki isokaboni (isiyoungana na kaboni) peke yake, ilhali kipimo cha kawaida hutoa jumla yote. Sampuli ambayo jumla yake haikuzidi kikomo imefaulu. Iliyozidi isihukumiwe mpaka aina za arseniki zitenganishwe kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha michanganyiko.

Mapato na matumizi atayaeleza mhazini. Kamati inaomba mkutano uidhinishe kwamba kila kundi la sampuli lipimwe pamoja na sampuli tupu (isiyo na chakula kinachopimwa) na sampuli rejea (ambayo kiasi chake kinajulikana tayari), na majibu ya zote mbili yaandikwe kwenye cheti anachopewa mteja. Kura itapigwa mara baada ya taarifa ya mhazini.