Kipimajoto kisidharauliwe maabarani

Mhariri,

Katika mkutano wa wazazi mwezi uliopita, baba mmoja aliniuliza kwa uchungu: mbona watoto wa kidato cha tatu wanamaliza vipindi viwili vizima wakipasha maji na kuandika nyuzijoto, ilhali ulimwengu umeshafika kwenye kwanta, fizikia ya chembe ndogo mno? Nilianza kumjibu, muda ukaisha. Naomba nafasi nimalizie.

Kabatini kwetu mna chupa ya naitreti ya shaba, fuwele za buluu zinazovuta unyevu. Hapa Lamu mfuniko ukilegea siku mbili tu, unakuta uji. Chumvi hiyohiyo wanafizikia waliipoza hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa, wakaandika inavyoitikia sumaku katika kila nyuzijoto, wakachapisha mwaka 1963. Takwimu zikalala zaidi ya miaka 40. Mwaka 2006 wanafizikia Brukner, Vedral na Zeilinger wakazifukua, wakaonyesha kwamba chini ya kelvini 5 hivi, yaani nyuzi 268 chini ya sifuri ya Selsiasi, chembe za shaba mle ndani zimesokotana kikwanta: hali ya moja haielezeki bila ya mwenzake. Zeilinger huyo ndiye aliyetunukiwa Nobel mwaka 2022 pamoja na Aspect na Clauser.

Nasema zimesokotana kwa sababu marehemu babangu alikuwa akisokota kamba za usumba, na kamba ikishakuwa kamba huulizi tena nguvu ya uzi mmoja mmoja.

Kila chembe ya shaba ni kisumaku. Visumaku viwili, kila kimoja na hali yake, vikielekeana kinyume vinaweza kufutana ukivipima upande mmoja. Ukivipima juu na chini, kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma, haviwezi kujificha kote. Kuna kiwango cha mwitiko ambacho jumla ya pande tatu haishuki, na kiwango hicho hupigiwa hesabu. Jozi iliyosokotana hunyamaza pande zote. Kwa hiyo ukipima ukakuta jumla iko chini ya kiwango, msokotano umeupata, bila kuigusa chembe hata moja peke yake.

Joto nalo ni shahidi. Ukijua fuwele inahitaji joto kiasi gani kupanda nyuzi moja, unaweza kukokotoa nishati yake. Ikiwa ndogo kuliko ya mpangilio wowote usio na msokotano, jibu ni lilelile. Na hicho, kiasi cha joto kwa kila nyuzi, ndicho wanachopima watoto wetu kwa kikombe cha shaba na maji.

Ratiba mpya imetupunguzia kipindi kimoja cha maabara. Nawasihi waliotunga waturudishie. Mtoto aliyezoea kukadiria usomaji bila kuuona hatatuachia takwimu za kufukuliwa. Na mzazi aliyeniuliza, karibu Jumatano asubuhi. Nitakupa kipimajoto ukishike mwenyewe.

Mwalimu wa fizikia,
Langoni, Lamu