Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Magari: tupimieni moshi

YAH: MAGARI KUPEWA STIKA BILA KUPIMWA MOSHI

Mheshimiwa Mkuu,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mimi, dereva wa teksi, mkazi wa Kimara, Dar es Salaam. Nimekuja ofisini kwako mara tatu, mara zote nikaambiwa uko kikaoni. Barua niliyoiacha mapokezi mwezi wa pili haijajibiwa hadi leo. Hii naiandika hadharani kwa sababu Ijumaa iliyopita nusura niue mama wa watu.

Mvua inanyesha, foleni ya Morogoro Road haisogei, vioo tumefunga, feni inavuma. Nyuma nimembeba bibi na mjukuu wake. Mtoto akaanza kulalamika kichwa, bibi akasema ni njaa. Mimi mwenyewe macho mazito, nikajua ni uchovu wa tangu alfajiri. Mara mtoto akatapika. Nageuka, bibi amelegea, kichwa kimeegemea kioo, haitiki. Tukafungua milango yote palepale kwenye foleni, tukamtoa nje akalowa mvua ndipo akazinduka. Kule zahanati daktari aliniuliza swali moja tu: "Gari lako linavujisha moshi?"

Mheshimiwa, gari hilo lina stika yako. Lilikaguliwa siku 16 kabla. Mkaguzi alitazama taa za breki, indiketa, wipa, tairi, mtungi wa kuzimia moto. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba gari halina masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, na linanuka petroli. Akanijibu, "Hilo siyo letu, mzee. Honi inalia?" Ikalia. Nikapewa stika.

Kosa langu nalikiri. Mwaka jana fundi aliniambia masega yameziba, gari linakosa pumzi, tuyatoe lifunguke. Nikakubali. Akakata, akachomelea bomba tupu, masega akabaki nayo. Baadaye ndiyo nikajua kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanayatafuta kila gereji. Taa ya injini ikawaka siku ya pili. Akaizima kwa kidude cha chuma, ukubwa wa dole gumba, alichokifunga kati ya bomba na sensa ya pili, yaani kile kipima moshi kilicho baada ya masega, ili sensa ikae mbali na moshi isiseme ukweli.

Fundi mwingine ndiye aliyenielimisha. Sensa ya kwanza inaonja moshi unaotoka kwenye injini na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli, kwani kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7 hivi ili iungue sawasawa. Sensa ya pili inachunga kama masega yanafanya kazi. Alikitoa kile kidude, akaunganisha mashine yake, akanionyesha mistari miwili kwenye skrini, kila sensa na wake. Masega yakiwa mazima, mstari wa pili hutulia. Wangu ulikuwa unarukaruka sawasawa na wa kwanza. Yaani sumu yote inayotoka kwenye injini inafika barabarani vilevile ilivyo.

Halafu akamulika tochi kwenye manifoldi, pale bomba la moshi linapoungana na injini. Yule fundi wa kwanza alirudisha gasketi ileile iliyokwisha kuungua. Hapo panavuta hewa ya nje, sensa ya kwanza inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inazidi kumwaga. Ndiyo maana lita iliyokuwa inanipeleka kilomita 13 sasa hainifikishi tisa. Na nadhani hapohapo ndipo kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi, ilipotokea, feni ikaivuta hadi kwa yule bibi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mkaguzi wako angeiona kwa macho gani?

Mheshimiwa, mwaka jana ulisimama mbele yetu madereva ukasema mashine za kupima moshi zitafika kabla ya masika. Niliandika kwenye daftari la hesabu, ukurasa ninao. Masika imekuja na imekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2007, na moshi wa magari umo. Wenzetu Marekani waliibana Volkswagen mwaka 2015 kwa programu iliyodanganya vipimo, magari kama milioni 11 duniani, na mwanzo wa yote ni watafiti walioyafunga vipimo kwenye bomba na kuyaendesha barabarani. Huko mtu alihitaji programu ya kompyuta ili adanganye. Hapa kwetu hahitaji hata kile kidude, kwa maana hakuna anayepima.

Gari nimelipaki. Ni la mkataba, imebaki miezi saba liwe langu, na tajiri anapiga simu kila jioni. Masega mapya siyawezi. Watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada. Sikuombi pesa, Mheshimiwa, wala sikuombi unisamehe kosa langu. Ninaomba mashine. Mkaguzi aichomeke kwenye ekzosi, asome namba, ainame achungulie chini kama masega yapo, ndipo atoe stika. Ninaomba mashine tu.

Siku mashine ikifika, hata iwe moja kwa mkoa mzima, nitalileta la kwangu liwe la kwanza. Likifeli, lifelishwe.

Wako,
Dereva wa IST, Kimara