Wazazi wa Bondeni, msichangie kipimo hicho

Wazazi wenzangu wa Bondeni, hamjambo.

Nimelisoma tangazo lililosambazwa kwenye kikundi chetu cha mtaa, la kuwataka wenye watoto wa sekondari wachange pesa ili vijana wapimwe uraibu wa gemu. Eti ni damu kidogo na mkojo kwenye hema siku ya Jumamosi, na majibu yanatoka siku hiyo hiyo. Naambiwa wengine mmeshamtumia mwekahazina. Mimi nimestaafu kazi ya maabara, na wengi wenu niliwatoboa vidole mkiwa wadogo mkililia mama zenu, kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo. Kipimo hicho hakipo. Hakipo Nakuru, hakipo Nairobi, hakipo hata Marekani. Mnauziwa mbuzi kwenye gunia.

Huyo muuzaji anasema atapima dopamini. Dopamini ipo kweli. Ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari, hasa pale mtu anapotazamia jambo la kumfurahisha. Lakini dopamini ya kwenye damu haipenyi kuingia ubongoni, wala kiwango chake hakikuelezi ubongo unatumia kiasi gani. Ile ya kwenye mkojo sehemu kubwa hutengenezwa na figo zenyewe. Hospitalini kemikali za ukoo huo hupimwa daktari anaposhuku uvimbe kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, uvimbe ambao hupandisha presha. Sasa mwanao amekesha na PlayStation, mkojo wake utakuambia nini? Labda kama amekunywa maji ya kutosha.

Tangazo limetaja utafiti, na hapo sibishi, utafiti upo. Mwaka 1998 wanasayansi wa London waliwaweka wanaume 8 kwenye mashine ya PET, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, huku wakicheza gemu ya kuendesha kifaru cha vita. Walikuwa wamedungwa dawa yenye mionzi kidogo, ambayo hugombea na dopamini vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea dopamini. Dopamini ikiongezeka, dawa hukosa pa kushika, na mashine huliona pengo hilo. Walipocheza, dopamini iliongezeka ndani kabisa ya ubongo. Habari hiyo imesafiri dunia nzima, ila wanaoibeba husahau kusema kwamba wale wanaume walikuwa wazima. Hakuna aliyekuwa mraibu. Kilichoonekana ni ubongo unaofanya kazi yake.

Baadaye watafiti wa Korea Kusini walikuta vipokezi vya dopamini vimepungua kwa watu waliozama kwenye intaneti, ingawa waliopimwa walikuwa wachache. Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliotoka mwaka 2024. Waliangalia taarifa za vijana zaidi ya 6,000 wa miaka 10 hadi 15, kwa muda wa miaka 4. Picha za ubongo zilipigwa mwanzoni, kijana akiwa anasubiri zawadi ndogo. Wale walioripoti dalili nyingi zaidi za uraibu wa gemu ndio ambao sehemu ya ubongo inayohusika na zawadi na maamuzi ilikuwa imeitikia kwa unyonge. Nimelifikiria sana jambo hilo. Huenda yuko mtoto ambaye sifa za mwalimu, bao la uwanjani na soda ya Krismasi havimsisimui kama vinavyowasisimua wenzake, kisha siku moja anakutana na skrini inayompa ushindi kila baada ya sekunde chache. Mtoto kama huyo mkimwita mvivu mnamwonea.

Hata hivyo, hayo ni matokeo ya wastani. Ukiyaweka makundi mawili ya vijana pamoja, tofauti inaonekana. Ukiniletea picha ya ubongo wa kijana mmoja wa Bondeni, hakuna daktari wa kukuambia kwa picha hiyo tu kwamba huyu ni mraibu na yule si mraibu. Na mashine za PET kazi yake kubwa hospitalini ni kufuatilia saratani. Si za kutembezwa kwenye hema la Jumamosi.

Daktari basi anatumia nini? Anauliza na anasikiliza. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha yake mwaka 2019, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Yanayotazamwa ni matatu: kijana hawezi kujizuia, gemu imepanda juu ya masomo, chakula na marafiki, na anaendelea hata anapoona inamharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na iwe imevuruga maisha yake hasa. Idadi ya saa haimo humo. Kijana aliyemaliza Jumamosi yake yote kwenye gemu, Jumatatu yuko darasani na kazi yake imekamilika, huyo si mgonjwa, hata kama anakukera.

Pitieni pale kwenye kibanda cha gemu jioni, msimame mlangoni bila kufoka. Mtamwona kijana anafungwa tatu bila, anacheka, anabeba mkoba wake anaenda zake. Mtamwona na mwingine ambaye pesa ilimwishia kitambo lakini hajatoka. Amesimama nyuma ya kiti cha mwenzake, vidole gumba vinabonyeza hewa, unamwita jina mara ya pili hageuki. Huyo ndiye wa kumfuatilia, ingawa leo amecheza mechi chache kuliko yule wa kwanza. Wala msiwasahau wasichana. Wao hamtawakuta kibandani, wanacheza kwenye simu chumbani na kila mtu anadhani wanasoma.

Jambo ambalo ningependa mlishike kwa mikono miwili ni usingizi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Umri huo homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka kuliko kwa mtoto mdogo au kwa sisi wazee, ndiyo maana saa nne za usiku bado macho makavu. Ongeza mwanga wa skrini usoni, na homoni hiyo inachelewa zaidi. Mtoto aliyekosa usingizi wiki nzima huwa mkali, msahaulifu, hasikii la mtu, anatafuta kitu cha kumchangamsha haraka. Mkiona hayo mnasema uraibu! Mara nyingine ni usingizi tu. Alfajiri, kabla hajaamka, gusa simu yake. Ikiwa ya moto na bando ya jana jioni imekwisha, umepata jibu na hujalipa shilingi.

Basi simu zote zilale sebuleni, na za wazazi zikiwamo. (Baba anayetazama mechi kitandani mpaka saa saba za usiku hana la kumwambia mtoto.) Mkitaka aache kucheza, msimnyang'anye katikati. Gemu nyingi za timu hazisimamishwi, akitoka anawaangusha wenzake na wanamtukana. Kubalianeni mapema: mechi hii ikiisha, unaweka chini. Asipoweza hata hilo, wiki baada ya wiki, liandikeni. Andikeni pia alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikula nini, alikosa shule siku gani. Ulizeni kwa upole kilichotangulia gemu: kufiwa, kuhamishwa shule, kuonewa na wenzake. Mara nyingi kijana mwenye huzuni hujificha humo. Na pesa za M-Pesa zikianza kupotea kidogo kidogo kununua visanduku vya bahati ndani ya gemu, ambavyo mtu hulipia bila kujua kilichomo, msilichukulie jambo dogo. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua hivyo ni kamari, na kijana aliyevizoea hana safari ndefu kufika kwenye kubeti.

Mkitaka kutumia pesa kwenye maabara, ziko njia za maana. Kijana anayechoka kila siku daktari anaweza kuagiza apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, na macho yake yaangaliwe. Vipimo hivyo vipo, vina majibu, na tatizo likionekana hutibika.

Namwomba mwekahazina arudishe michango kabla ya Ijumaa, kila mtu kwa namba aliyotumia. Mwenye tangazo akikasirika, mwelekezeni kwangu, nina maswali kuhusu mashine yake. Na wale wenye watoto ambao mambo yao yamefikia kiwango nilichokieleza, andikeni lile daftari kwa wiki mbili, kisha ulizeni kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Anayeona haya kwenda peke yake anipitie nyumbani asubuhi, tutaongozana.

Mzee wenu wa maabara,
Bondeni, Nakuru