YAH: Mwanangu kupigwa mionzi kuliko ilivyohitajika

Ndugu Meneja,

Mwanangu wa miaka minne aliletwa kituoni kwenu kupigwa eksirei ya kifua. Daktari aliyemwandikia sina neno naye, picha ilihitajika. Ninacholalamikia ni namna ilivyopigwa.

Kabla ya kupiga, mashine huwasha taa kuonyesha eneo mionzi itakapopita. Nilikuwa pale nikaiona: ilianzia kidevuni ikaishia mapajani. Fomu ilisema kifua! Kulipunguza eneo lile ni kuzungusha vitufe tu, na mpiga picha wenu hakuvigusa. Mtoto akajitikisa, picha ikaharibika, ikapigwa nyingine kwa upana uleule bila hata kumbembeleza kwanza. Na zote mbili mkanitoza.

Aliyemshika mikono ni mimi. Aproni ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, ilikuwa imetundikwa ukutani, sikupewa, wala sikuulizwa kama nina mimba. Sina, lakini mpiga picha angejuaje?

Sidai kwamba mtoto naye alipaswa kufunikwa. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri desturi ya kufunika viungo vya uzazi kila picha iachwe, kwa kuwa kifuniko chaweza kuziba kinachotafutwa au kuifanya mashine inayojipimia iongeze mionzi. Sawa. Basi eneo libanwe, na picha ipatikane mara ya kwanza.

Msimamizi wenu alinijibu kuwa "mionzi yenyewe ni kidogo". Eksirei ya kifua kweli ni kama milisivati (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) 0.1 au chini ya hapo, wakati mionzi ya asili humpata mtu kwa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Ila hesabu hiyo ni ya kifua, si ya kifua na tumbo na nyonga, tena mara mbili, kwa mtoto ambaye mwili wake unaokua hudhurika kwa urahisi kuliko wetu.

Naomba nipewe kwa maandishi kipimo cha mionzi kilichorekodiwa kwa picha zote mbili, pamoja na sababu ya kurudia. Ile iliyoharibika msiifute. Pesa ya picha ya pili nirudishiwe. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili kwa mamlaka inayosimamia matumizi ya mionzi.

Wenu,
Mama wa mgonjwa