Shukrani kwa mzee wa Rochester

Mzee wangu, jina lako silijui, lakini asante sana. Ni wewe uliyenikuta kwenye makumbusho ya The Strong, mjini Rochester, New York, Marekani, mbele ya mashine ya mchezo wa video wa Centipede (yaani tandu) ya mwaka 1981. Wenzangu waligombania kucheza. Wewe ukanivuta pembeni nitazame picha iliyochapwa kwenye ubavu wa kabati la mashine.

Uliniambia niinamishe kichwa niangalie kwa mshazari. Nikaona! Kila rangi imekaa kama utando wake, na pale mbili zinapokutana kuna ukingo mwembamba, moja imeipanda nyingine. Ukanieleza kuwa ni skrini printi, yaani kuchapa kwa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu kilichowambwa kwenye fremu: kila rangi na fremu yake, hivyo mchoraji aliamua mapema atumie rangi chache zipi, kisha akazitenganisha moja moja. Mimi huchapa fulana, najua kazi hiyo inavyomtoa mtu jasho.

Ukanitajia George Opperman, aliyebuni nembo ya Atari, kampuni iliyotengeneza mashine hiyo, mwaka 1972, baadaye akaongoza wachoraji wa kampuni hiyo. Alifariki 1985. Enzi zile kwenye kioo cha mchezo tandu alikuwa vinukta tu vinavyoteremka. Sura na ukali wake alipewa na mchoraji, ubavuni. Watoto walivutwa na picha kabla hawajatoa sarafu mfukoni, ila waliomjua aliyeichora walikuwa wachache mno. Hilo linaniuma.

Mzee, ulitumia muda wako kwa mtu usiyemfahamu. Mungu akuzidishie afya, na yule mjukuu wako aliyekusubiri bila kununa, mfikishie asante zangu.