Makazi ya walimu Ojai: banda la kuku si historia yote

Mhariri,

Kila yanapotajwa makazi ya walimu wastaafu ya Grey Gables, yaliyofunguliwa Ojai, California, mwaka 1954, husimuliwa kisa cha banda la kuku ambamo Ethel Percy Andrus alimkuta mwalimu mstaafu akiishi. Kinatia huruma, sawa. Ila kinafunika kazi yenyewe.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani ya 1935 iliwaacha nje watumishi wa majimbo na serikali za mitaa, walimu wakiwamo. Andrus, aliyeongoza shule ya Lincoln, Los Angeles, tangu 1916 hadi 1944, alistaafu kwa pensheni ya jimbo ya dola 60 hivi kwa mwezi. Mwaka 1947 akaunda chama cha taifa cha walimu wastaafu, NRTA. Chama kilitangulia jengo kwa miaka saba. Wanaomwiga huanza na matofali.

Kigingi kikubwa kilikuwa bima ya afya. Kampuni zaidi ya 40 zilimkataa, na si kwa roho mbaya tu. Wazee wakijiandikisha mmoja mmoja, wa kwanza kukimbilia bima ni walio wagonjwa tayari. Ada inapanda, wazima wanajitoa, mfuko unabaki na wagonjwa watupu. Dalali wa bima Leonard Davis ndiye aliyesaidia kupata bima ya kikundi, katikati ya miaka ya 1950: wanachama maelfu chini ya mkataba mmoja, bila kupimwa afya kwanza. Wasio walimu nao wakaitaka, ndipo AARP, chama cha wastaafu wote wa Marekani, ikazaliwa 1958. Bima ya serikali kwa wazee ilikuja 1965.

Mtego mwingine ni ada ya kuingilia. Pacific Homes, shirika la makazi ya wazee la California hiyohiyo, ilipokea fedha kwa mkupuo na kuahidi matunzo hadi kifo. Wakazi wakaishi miaka mingi kuliko ilivyokadiriwa, gharama za uuguzi zikapanda, fedha za wanaoingia zikawa zinawalipia waliomo. Wageni walipopungua, shimo likaonekana, 1977 ikafilisika.

Kwa hiyo anayechora ramani ya makazi kama hayo aanze na mkataba. Ada ya kuingilia ikae kwenye mfuko wake, isiguswe kwa mishahara wala ukarabati. Malipo ya mwezi yaweze kurekebishwa, na makadirio ya umri wa wakazi yapitiwe upya kila mwaka, kabla bajeti haijapitishwa.

Mtaalamu wa hesabu za bima